Nywele Nilimsuka Mimi

Ripoti ya tathmini ya dada yangu, aliyeomba posho ya ulemavu, ilikuja ina kurasa kumi na moja, na sentensi iliyoniua mimi iko ukurasa wa nne. "Mwombaji amefika akiwa nadhifu, nywele zimesukwa vizuri, amevaa blauzi yenye vifungo." Basi. Ukiisoma peke yake unaweza kudhani ni sifa, ila ukishuka mpaka kwenye jedwali la maksi ndo unaona ile sentensi ilikuwa inafanya kazi gani, manake kwenye kuvaa wameandika sifuri, yaani hahitaji msaada, kuoga na kujiandaa sifuri, na pembeni wamerudia yale yale, nadhifu, nywele, vifungo. Mtu ameangalia kichwa cha dada yangu akadhani anaangalia mikono ya dada yangu.

Zile nywele nilimsuka mimi. Usiku wa kuamkia tathmini, yeye kwenye kiti mi nimesimama nyuma yake, kwa sababu kukaa chini hawezi, yaani kukaa anaweza ila kunyanyuka ndo shughuli ya watu wawili. Na vifungo nilimfunga mimi, viko saba, nimekuja kuvihesabu baadaye kwa hasira. Nilimwambia dada vaa tu gauni la kupitishia kichwani twende, akakataa, akasema hawezi kwenda mbele ya watu na ofisi zao amevaa kama katoka kitandani. Ni mtu wa hivyo toka utotoni, hata akiwa na homa lazima kitanda kitandikwe.

Dada ana baridi yabisi. Sio ile ya magoti kuuma mvua ikikaribia, hii ni ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vyenyewe, vidole, viganja, vifundo vya miguu, na haina ratiba. Asubuhi ndo mbaya zaidi, vidole vinaamka vimekakamaa kama vya sanamu na inaweza kupita saa moja na nusu, saa mbili, kabla havijakubali kukunja. Mchana vinalegea. Sasa miadi ya tathmini walitupa saa nane mchana! Yaani kama ungeniambia nichague saa ambayo dada yangu anaonekana mzima kuliko saa zote ningekuchagulia hiyo hiyo.

Mtathmini alimpa mkono, dada naye akampa. Kwani angefanyaje, amkatalie mtu salamu? Kwenye ripoti: "mshiko wa mkono unatosha." Akaulizwa unaweza kupika, akajibu naweza. Nikataka kumkanyaga mguu, nikakumbuka miguu yenyewe ndo hiyo. Nikakaa kimya na nimejilaumu kwa ule ukimya mpaka leo, kwa sababu mi najua "naweza" ya dada ina maana gani. Ina maana nikiamua, na mtu akinikatia, na sufuria akainua mwingine, na kesho yake nisitegemewe kwa lolote. Lakini kwenye fomu naweza ni naweza.

Uingereza wana posho yao inaitwa Personal Independence Payment, ilianza 2013 kuchukua nafasi ya ile ya zamani kwa watu wa umri wa kufanya kazi, na kwenye sheria yake kuna kifungu ambacho nikikisoma huwa natamani kukikata na kukibandika ukutani. Kinasema mtu asihesabiwe anaweza kitu mpaka akiweze kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, akirudie kila inapohitajika, na kisimchukue zaidi ya mara mbili ya muda wa mtu asiye na tatizo. Na ugonjwa wa kupanda na kushuka nao umefikiriwa, unaangaliwa kwenye zaidi ya nusu ya siku zote unakuwaje. Aliyeandika hicho kifungu alishawahi kukaa na mgonjwa, naapa. Halafu sasa kwa miaka mingi karibu 7 kati ya kila rufaa 10 za posho hiyo zinazofika kusikilizwa mbele ya jopo, mwombaji anashinda. Saba kwa kumi! Sheria nzuri, karatasi nzuri, ila kati ya karatasi na kile chumba cha tathmini kuna kitu kinadondoka. Na hao ni waliofika kwenye jopo, wale waliokata tamaa barua ya kwanza tu hakuna anayewahesabu kama wameshinda au wameshindwa, wamelala tu nyumbani.

Kila nikisimulia hii ya nywele, sekunde ya tatu tu kuna mtu anasema "pole, lakini na waigizaji wa ugonjwa nao wapo." Zamani nilikuwa nagombana. Sikuhizi nasema ndio wapo, tena tukae tuwaongelee vizuri, kwa sababu ukiwaongelea kijuujuu ndo unaishia kumkagua dada yangu nywele.

Nianze na kile kisa cha Ugiriki maana ni kitamu. Kisiwa cha Zakynthos, 2012, watu takribani 39,000 hivi, na kwenye daftari la posho ya vipofu kuna karibu 700. Karibu asilimia 2 ya kisiwa kizima hawaoni! Walipoanza kuchunguza wakakuta kwenye orodha ya vipofu kuna dereva wa teksi, na kuna mwindaji wa ndege. Mwindaji. Wa ndege. Nilicheka peke yangu kwenye basi mpaka watu wakageuka. Ila ukimaliza kucheka jiulize yule mwindaji aliingiaje kwenye daftari, manake kipofu hajiandikishi mwenyewe, kuna daktari wa macho lazima agonge muhuri na kuna mkubwa lazima apitishe, na uchunguzi ulivyoenda ulifika huko huko, kwa mwenye muhuri na kwa wanasiasa wenye kutafuta kura. Yule mwindaji ni mwizi, sibishi. Ila mlango alifunguliwa na mwenye funguo.

Cha pili hakichekeshi. Kentucky, Marekani, kulikuwa na wakili anaitwa Eric Conn, ofisi yake ilikuwa kwenye matrela yaliyounganishwa, nje ameweka sanamu kubwa la Abraham Lincoln, mabango barabarani, anajiita bwana Social Security mwenyewe, yaani ule mfuko wa serikali unaolipa mafao ya ulemavu. Huko ni sehemu ya wachimba makaa ya mawe, migongo imeisha, mapafu yameisha, shule wengi hawakufika mbali. Unaenda kwake na vyeti vyako, yeye ana madaktari wake wanaosaini fomu zilizokwisha kujazwa, na ana hakimu wake wa kusikiliza madai ya ulemavu, David Daugherty, ambaye alikuwa anayachukua mafaili ya Conn na kuyapitisha, mengine bila hata kumsikiliza mwombaji, na kwa miaka aliyofanya hivyo alikula zaidi ya dola 600,000. Serikali ilikuja kupiga hesabu ya mafao yaliyopitishwa kwa njia hiyo ikafika dola milioni 550.

Wafanyakazi wawili wa ile ofisi ya mahakimu, Jennifer Griffith na Sarah Carver, walishapiga kelele miaka. Unajua walifanywaje? Bosi wao pamoja na Conn walipanga Carver afuatwe na kamera ili apigwe picha akiwa haonekani kazini siku anayofanyia kazi nyumbani, afukuzwe. Yaani ile ile staili ya kumvizia mgonjwa na kamera, safari hii wakamvizia aliyesema ukweli. Conn alikuja kukiri makosa 2017, akakata bangili ya kumfuatilia aliyofungwa kifundoni akatoroka, wakamkamata Honduras nje ya Pizza Hut miezi sita baadaye. Jumla ya kifungo miaka 27. Hakimu akapewa minne.

Sasa hapa ndo ninapotaka watu wasome polepole. Kabla hata Conn hajashtakiwa, 2015, barua zilitumwa kwa wateja wake zaidi ya 1,500 kwamba mafao yao yanachunguzwa upya, na ushahidi uliosainiwa na madaktari wanne wa Conn hautahesabika, thibitisheni upya kwamba mlikuwa wagonjwa miaka ile, huko nyuma, miaka kama kumi iliyopita. Faili za zamani ukazitoe wapi? Wengine walikuwa wagonjwa kweli, migongo ile ile ya mgodini, wangepita hata bila hongo, kosa lao walienda kwa wakili mwenye bango kubwa. Mamia wakakatiwa. Kuna waliojiua, sitaki kulizungusha hilo. Na mahakama ya rufaa ikaja kusema 2018 kwamba utaratibu ule haukuwa wa haki, kwamba haukumpa mtu hata nafasi ya kubisha kwamba faili lake mwenyewe halikuwa la uongo. Mwenye mabango alikula milioni zake, barua ikaenda kwa mwenye mgongo.

Na kuna wizi ambao hata hauitwi wizi. Uholanzi walianzisha bima yao ya kutoweza kufanya kazi 1967, ilikuwa nzuri, ilifika hadi asilimia 80 ya mshahara. Kufika 1990 waliokuwa kwenye ile bima walikaribia 900,000 kwenye nchi ya watu kama milioni 15, mpaka waziri mkuu Ruud Lubbers akasema Uholanzi inaumwa. Lakini hawakuwa wameumwa ghafla. Makampuni yalikuwa yanataka kupunguza watu, kumfukuza mtu kule ni kesi na gharama, kumpeleka kwa daktari akaandikiwa hawezi ni rahisi, mfanyakazi anapata hela nzuri, chama cha wafanyakazi hakina ugomvi, kampuni imepumua. Kila mtu kafurahi. Halafu miaka inayofuata masharti yakabana, tathmini upya, bima yenyewe ikabadilishwa 2006, na nani aliyebanwa? Sijasikia meneja aliyeitwa kuulizwa anaweza kutembea mita ngapi.

Kwa hiyo mtu akiniambia wanaodanganya nauliza wepi. Maana hela kubwa nilizoziona mimi kwenye hivi visa zimepita kwenye mihuri, saini na mikataba, na anayekaguliwa ni yule wa mwisho kwenye foleni ambaye hana muhuri wala saini ya maana. Kule Uingereza wenyewe wanapima kila mwaka hela iliyolipwa kwa udanganyifu, na kwa hii posho niliyoitaja miaka ya karibuni wamekuwa wakipata chini ya asilimia 1. Chini ya moja! Ukiingia kwenye komenti za watu utadhani ni nusu kwa nusu.

Haya. Nimesema mengi ya Wagiriki na Wamarekani, sasa ya kwangu, na hapa mi sio msafi.

Tulipokataliwa mara ya kwanza tukaomba upya. Safari hii fomu nilijaza mimi na dada alikaa pembeni. Kulikuwa na swali, unahitaji msaada wa mtu kuvaa mara ngapi, na visanduku vitatu: kila siku, mara nyingine, kamwe. Ukweli wa dada ni siku nne kwa wiki, hivi, wiki mbaya tano, wiki nzuri mbili. Kwa hiyo ukweli ni mara nyingine. Ila tulishaambiwa na watu waliopita huko kabla yetu, tena watu waungwana kabisa, kwamba mara nyingine haina maksi, andika siku yako mbaya kuliko zote, usiende umependeza, ukiweza nenda na fimbo hata kama huitumii. Hiyo ya fimbo tulikataa. Hiyo ya kisanduku sikukataa. Niliweka tiki kwenye kila siku. Nne nimeizungusha ikawa saba.

Dada aliona. Hakusema kitu, alikuwa anaiangalia tu ile tiki, halafu akauliza "mdogo wangu, huo si uongo?" nikamwambia hapana dada, ni lugha yao. Nilijibu haraka sana, kama mtu aliyekuwa amejiandaa.

Tukapita. Mwaka jana yake tuliandika ukweli mtupu tukapata sifuri, mwaka huu tumeandika nne kama saba tukapita, na mtu aliyepata ile pesa ni yule yule, vidole ni vile vile. Sijui niiweke wapi hiyo. Kuna siku naona tulichofanya ni kurekebisha mizani iliyolalia upande mmoja kwa kuweka kijiwe upande wa pili. Kuna siku naona kwamba hivi hivi ndo mwindaji wa ndege alianza, kidogo kidogo, kwa sababu nzuri. Ninachojua ni kwamba fomu isiyo na mahali pa kuandika "nne" imeniomba nidanganye, kwa adabu kabisa, kwa visanduku vitatu, na mtu asiyejua kudanganya ikamrudisha nyumbani. Na wajanja wa kweli hawasumbuki na visanduku hata kidogo, wanajua kisanduku gani kina maksi ngapi kabla fomu haijachapishwa. Fomu kali inamchuja mkweli kwanza.

Halafu ikaja harusi.

Mtoto wa mama mdogo anaolewa, dada yuko kwenye siku nzuri, moja ya zile siku ambazo anaamka na kusema leo nimeamka mtu. Akacheza. Wimbo mmoja na nusu, nilikuwa hapo hapo, amecheka mpaka amefuta machozi, na mtu akapiga picha, picha nzuri sana kwa kweli, mikono juu, ikawekwa mtandaoni na moyo mwekundu. Siku mbili zilizofuata dada hakutoka kitandani, kijiko nilimshikia mimi. Hizo siku mbili hakuna aliyezipiga picha.

Wiki ya tatu akapigiwa simu kuitwa ofisini. Mtu alikuwa ameituma ile picha, hawakusema nani. Afisa akaigeuza skrini, huyu ni wewe? Dada akasema ni mimi. Akaulizwa fomu yako inasema unahitaji msaada kila siku, sasa hii? Na hapa ndo uone ubaya wa ile tiki yangu, kwamba yule aliyeituma picha, ninayemchukia mpaka leo bila kumjua, kwenye karatasi alikuwa na hoja. Kama ningeandika nne kwa saba, ile picha ingekuwa mojawapo ya zile tatu, hakuna kesi. Nilifunga mdomo wa dada kwa mkono wangu mwenyewe.

Malipo yakasimamishwa wakati wanachunguza, miezi miwili. Daktari wake akaandika barua ndefu, ya upole, akieleza kwamba huu ugonjwa una siku nzuri na kwamba mgonjwa kucheza wimbo mmoja ni dalili kwamba dawa zinafanya kazi kiasi, sio kwamba amepona. Malipo yakarudi. Pole hatukupewa. Lakini kilichonisumbua sio miezi miwili, miezi miwili tulivumilia, ni kwamba dada aliacha kutoka. Harusi haendi, na akiwa kwenye siku nzuri ndo hatoki kabisa, anatoka siku mbaya, kwa sababu siku mbaya ndo halali. Hata dirishani akisikia watu anakaa. Na tulianza kuangalia watu, yule jirani aliyeuliza "dada yako anapata shilingi ngapi kwani", yule shemeji aliyekuja na simu mkononi. Kila mtu ni mshukiwa. Mi nadhani wanaoweka zile namba za simu za kuripoti watu hawajui kwamba simu moja hailali kwenye faili la mtu mmoja, inalala kwenye ukoo mzima.

Nisiwe mnafiki, na mimi nimeshawahi kuwa na hiyo jicho. Namjua mtu, sitasema wa wapi wala wa nani, aliyeendelea kupokea malipo ya mzee wake miaka miwili baada ya mzee kuzikwa, na ninaposimama kwenye foleni nikimuwaza damu inachemka. Sio kwamba nawatetea. Ila yeye hakukamatwa na kamera ya harusi wala mtu wa kukagua nywele, alikuja kukamatwa siku daftari la vifo na daftari la malipo yalipounganishwa. Mashine mbili zimeongea zenyewe, hakuna mgonjwa aliyeguswa. Hiyo ndo aina ya ukaguzi naielewa.

Na kuna hii ya kazi, nataka niipitie haraka kwa sababu nikikaa nayo nitaandika mpaka asubuhi. Dada alipata kazi ya kupokea simu akiwa nyumbani, saa chache kwa wiki, spika masikioni, mikono haihitajiki. Alifurahi kuliko ile siku tulipopita. Tukasoma masharti: ukizidi kiwango hiki cha kipato, hupunguziwi, unakatiwa yote. Akaiacha kazi kabla haijaanza. Baadaye nikaja kuona si sisi tu. Uingereza kuna posho ya walezi, watu kama mimi, ambayo 2024 ilikuwa pauni 81.90 kwa wiki na mwisho wa kipato chako pauni 151, ukipata 152 unarudisha wiki nzima, sio ile pauni moja, na watu walikuwa wanaachwa miaka mfumo ukiona kwamba wamezidi, halafu ndo wanaletewa deni la maelfu na wengine kushtakiwa kama wezi. Marekani ule mpango wao wa SSI kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo au wasio nacho, akiba unayoruhusiwa kuwa nayo ni dola 2,000 tu, na ilipangwa hivyo 1989 na haijaguswa. Toka 1989! Mtu akiweka akiba ya kutengeneza paa anakuwa mhalifu polepole, mwezi kwa mwezi, bila kusogea alipo. Halafu kuna mtu atakuja kusema hawa watu hawataki kufanya kazi.

Afrika Kusini nako mwisho wa 2020 posho za muda za ulemavu zaidi ya laki mbili ziliisha kwa mpigo, corona imepamba moto, watu wakatakiwa waombe upya, waonekane na daktari upya, na Januari 2021 huko Bellville, Cape Town, wale waliokuwa kwenye foleni, wa magongo na wa viti mwendo, polisi waliwamwagia maji ya gari la kutuliza ghasia ili wakae umbali unaotakiwa. Niliiona ile video na dada alikuwa nyuma yangu, akasema zima.

Kinachonishinda kabisa kuelewa ni hii ya kuthibitisha upya kitu kisichopona. Waingereza ilibidi wafike 2018 ndo waseme basi, wenye hali kali ambazo hazitabadilika wapewe bila mwisho na kuangaliwa kidogo tu kila baada ya miaka 10. Dada yangu ana vidole viwili vilivyopinda ambavyo hata picha ya eksirei inaonyesha mfupa umeliwa. Mfupa haurudi. Lakini sisi ni kila baada ya miaka miwili, na safari hii barua imekuja mwezi mmoja na wiki mbili kabla.

Nikamwambia dada safari hii unajaza wewe, mi naandika tu unachosema. Akasema sawa lakini tuhesabu kwanza. Akachukua daftari la shule la mtoto, lile la mistari, akawa kila usiku anaweka alama, siku mbaya X, siku nzuri duara, na pembeni maneno mawili matatu kama ameweza. "Vifungo hapana." "Nimefungua bomba." "Leo nimeamka mtu." Herufi zenyewe ukiziangalia ni ushahidi tosha, kuna siku zimenyooka na kuna siku zinashuka mstari kwa mstari kama zinateleza. Mpaka jana daftari lina siku 41, mbaya 23.

Jana usiku tukafika kwenye lile swali. Visanduku ni vile vile vitatu. Nikamuuliza niandike nini, akasema andika 23 kwa 41. Nikamwambia dada hakuna pa kuandika namba, akasema iandike pembeni. Pembeni kuna nafasi ya kidole, nimeiandika kwa herufi ndogo kabisa, imegusa ukingo wa karatasi. Sasa anataka daftari zima liambatanishwe, lile lile la orijino sio fotokopi, kwa sababu anasema kwenye fotokopi haionekani wapi alibonyeza kalamu na wapi alishindwa. Nimepiga simu ofisini kuuliza kama inaruhusiwa. Naandika haya nikiwa nasubiri, kuna muziki, na sauti ya mashine imeniambia mbele yangu kuna watu 34.